MLIO USIOKOMA MASIKIONI MWA ASKARI

ASKARI aliyepata kushika zamu kando ya maegesho ya ndege katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba anazijua kelele kwa undani. Asubuhi helikopta aina ya Mi-8 za Umoja wa Mataifa huwasha injini moja baada ya nyingine. Zikiisha kuondoka hufuata ndege ndogo za misaada ziendazo Bentiu na Malakal, kisha huja Ilyushin 76 yenye injini nne, ambayo ikinguruma mwanzoni mwa njia ya kurukia, maji hutetema ndani ya chupa. Kwa muda abiria wa uwanja huo walingoja safari zao ndani ya mahema, hadi jengo jipya lilipofunguliwa mwaka 2018. Na turubai, kama kila askari ajuavyo, halizuii sauti.

Desemba 2013, vita vilipozuka mjini Juba, askari wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda walipelekwa huko, na mojawapo ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuulinda uwanja huo ili raia waweze kuondolewa kwa usalama. Walikaa Sudan Kusini hadi mwishoni mwa mwaka 2015. Kabla yao na baada yao, askari na polisi wengi wa nchi zetu wameingia na kutoka kwa mlango huo huo wakiwa wamevaa kofia za buluu. Mengi yameandikwa juu ya majeraha waliyorudi nayo. Liko moja ambalo halijaandikwa vya kutosha, kwa kuwa halitoki damu wala halionekani kwenye picha ya eksirei.

Mwandishi wa tahariri hii alipita hapo akiwa ofisa kijana, miaka michache tu tangu atoke chuo cha maofisa wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kuwapokea waandishi wa habari na kuwaongoza. Alisimama saa nyingi juu ya lami bila kizibo masikioni, akipiga makelele ili asikike. Usiku wa tatu, ndege zote zikiwa zimenyamaza, alisikia mlio mwembamba kama wa nyenje. Akatoka nje ya hema na kurunzi kuwatafuta nyenje hao. Hawakuwapo. Mlio huo anao hadi leo, hata anapoyaandika maneno haya.

Tumeusimulia mkasa huo kwa sababu moja: wenye mlio wa aina hiyo vikosini ni wengi kuliko wanaokiri. Wapo wanaosikia filimbi, wapo wanaosikia mvumo kama wa jenereta iliyo mbali, na wapo wanaosikia mchemko kama wa sufuria iliyofunikwa. Madaktari huuita tinitasi. Katika jeshi la Marekani, ambako hesabu za namna hii huwekwa kwa uangalifu, mlio wa masikio ndio ulemavu unaolipiwa fidia zaidi ya mwingine wowote miongoni mwa askari wastaafu, na wanaolipwa kwa ajili yake wanazidi milioni 2. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika jeshi lenye vifaa vyote, hatuna sababu ya kudhani kwamba sisi tumesalimika.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mlio huo si wazimu, wala si pepo, wala hakuna jirani aliyeutuma. Ndani ya sikio, katika sehemu iliyojisokota kama nyumba ya konokono, mna seli ndogo zenye vinyweleo ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Mlipuko mkubwa, au kelele za muda mrefu, huzivunja. Seli hizo zikishakufa kwa binadamu hazioti tena. Ubongo, ukiona habari zimepungua kutoka upande huo, huongeza nguvu ya usikivu wake, kama vile askari wa mawasiliano anavyozungusha kitufe cha redio hadi mwisho pale kituo cha mbali kisiposikika vizuri. Anachopata ni mkwaruzo. Mkwaruzo huo ndio mlio.

Si kila mlio umetokana na kelele. Nta iliyojaa sikioni huweza kuuleta, na kuisafisha kukauondoa. Kwinini, dawa ambayo wengi wetu tumeionja kwa ajili ya malaria, huvumisha masikio, na aghalabu mvumo huo hutoweka dawa ikiisha mwilini. Baadhi ya sindano, kama streptomaisini na jentamaisini, huweza kudhuru usikivu moja kwa moja. Kwa hiyo askari aliye katika dawa akisikia mlio na amweleze mganga siku hiyo hiyo, bali asiiache dawa kwa amri yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, yaani mateso yanayofuata. Mchana mlio humezwa na shughuli. Usiku ndipo unapotawala. Mtu hujilaza, taa huzimwa, na katika ule ukimya aliokuwa akiutamani siku nzima anakutana na sauti isiyo na pa kuzimia. Hulala saa mbili, huamka, husikiliza kama bado upo, na kwa kuusikiliza huukuta. Akiishakosa usingizi wiki nzima huwa mkali kwa askari wake na mkimya kwa mkewe. Huyo mkewe naye huona dharau, kwa sababu mume aitwapo haitiki, kumbe hajasikia.

Sajini mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kuyasimulia yake bila jina, alirudi kutoka lindo la uwanja wa ndege akiwa na mlio katika masikio yote mawili. Mkubwa wake mmoja alimwambia kwa kicheko kwamba askari mzima halalamikii nyenje. Basi hakulalamika tena. Alitoa mbuzi kwa mtu aliyemhakikishia kwamba amerogwa. Mbuzi akaliwa, mlio ukabaki. Akaanza kunywa pombe ili alale, na kweli alilala, akiamka saa nane za usiku na mlio mkubwa kuliko wa jana. Usiku mmoja wa namna hiyo alijiona anaitazama bunduki yake kwa fikra ambazo zilimtisha. Akainuka, akatembea hadi ghala la silaha, akaomba ipokewe na kufungiwa. Koplo wa zamu aliipokea, akaiandika daftarini, akampa kiti, wakakaa pamoja hadi kulipokucha. Hakumcheka wala hakumhoji. Asubuhi alimsindikiza kwa mganga wa kikosi.

Kwa maoni yetu koplo yule alifanya kazi kubwa kuliko wengi wanaopewa nishani. Na sajini hakufanya jambo la woga. Askari yeyote anayeona fikra zinamwelekeza kuidhuru nafsi yake ana wajibu wa kuikabidhi silaha, kumwambia mtu aliye karibu naye, na kutolala peke yake usiku huo. Mkubwa anayeletewa habari kama hizo na akazifanyia mzaha, huyo ndiye wa kuitwa kujieleza.

Je, mlio una tiba? Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa, na anayeuza dawa ya matone kwa ahadi hiyo anawaibia watu mishahara yao. Lakini kukosekana kwa kidonge si kukosekana kwa nafuu, na hapa ndipo tunapoomba msomaji atusikilize kwa makini.

Kila aliyelala karibu na jenereta anajua kwamba usiku wa kwanza hukosa usingizi, na wiki ya pili hulala fofofo. Jenereta haikupungua sauti. Ubongo umeipima, umeona haina madhara, umeacha kutoa taarifa. Mtu huyo huyo, akilala vile vile, mtu akikoki bunduki nje ya hema huamka mara moja, ingawa sauti hiyo ni ndogo kuliko ya jenereta. Mwaka 1984 mtaalamu Richard Hallam na wenzake huko Uingereza walieleza kwamba mlio wa masikio nao huzoewa kwa njia hiyo, na mwaka 1990 Pawel Jastreboff akafafanua ni kwa nini wengine hushindwa kuuzoea: ubongo wao umeuandika mlio katika orodha ya maadui, na kila unaposikika mwili mzima husimama tayari. Hofu hulisha mlio, mlio nao ukalisha hofu.

Kwa sababu hiyo tiba yenye ushahidi mzuri kuliko zote katika kupunguza dhiki ni ile ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, ambayo humwongoza mgonjwa kuzichunguza fikra zake juu ya mlio, moja moja, na kubadili mambo anayoyafanya kwa kuuogopa. Sauti huweza kubaki ile ile, nayo dhiki ikapungua. Pasipo na mtaalamu wa aina hiyo, na twajua kambi nyingi hazina, mganga wa kikosi anayeeleza kwa utulivu asili ya mlio tayari amefanya nusu ya kazi.

Yako pia ambayo askari aweza kuyafanya mwenyewe. Aukimbie ukimya mtupu: redio ndogo iliyofunguliwa chini kabisa, feni, au dirisha lililo wazi kwa upepo, huupa ubongo kitu kingine cha kushika. Sauti hiyo iwe chini ya mlio, isiuzidi; anayefungulia muziki wa kupasua masikio ili kuufukuza anaongeza jeraha juu ya jeraha. Alale na kuamka saa zile zile kadiri zamu zinavyoruhusu. Pombe aiache, maana usingizi wake ni wa kukopa. Aliyepungukiwa usikivu apimwe kwa ajili ya kifaa cha kusaidia kusikia, kwani wengi husema wakikivaa mlio hurudi nyuma. Mwandishi hulala na redio, na mkewe, baada ya ubishi wa miezi kadhaa, sasa ndiye anayelalamika ikizimwa.

Zipo dalili ambazo hazingoji wiki ijayo. Sikio likiziba ghafula na kuacha kusikia, mlio ukiwa wa upande mmoja tu, ukidunda pamoja na moyo, au ukija na kizunguzungu, mtu aende hospitali pasipo kukawia. Uziwi wa ghafula hasa una siku chache tu ambazo matibabu yaweza kufaa.

Sasa tunawageukia wenye amri. Kelele za desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hukatwa nusu, hata zikifika 100 muda uliobaki ni dakika 15 tu. Karibu na ndege iliyowasha injini hata dakika mbili ni nyingi. Ama mlio wa bunduki ya kivita sikioni mwa mpigaji hupita desibeli 150, na hapo hakuna muda wa kuhesabu: risasi moja yatosha kuacha jeraha. Hata hivyo wengi wetu tulifunzwa shabaha tukiwa na pamba masikioni, au vichungi vya sigara, au bila kitu chochote, na aliyeziba masikio alionekana mlegevu. Pamba haifai kitu.

Kamanda atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni vipi mlinzi aliyeziba masikio atamsikia adui. Katika doria ya usiku hoja hiyo ina nguvu, nasi hatutaki doria ya viziwi. Lakini uwanja wa shabaha si doria, wala maegesho ya ndege mchana si doria, wala mstari wa mizinga, wala banda la jenereta. Tena vipo vizibo vyenye tundu dogo vinavyopitisha maneno na kupunguza mlipuko. Ni kweli pia kwamba kifaa kibovu ni hatari: mwaka 2023 kampuni ya 3M ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza mashauri ya askari waliodai kwamba vizibo walivyopewa havikuwalinda, ingawa kampuni haikukiri kosa. Na mlinzi ambaye masikio yake yamekwisha kuharibika, huyo atamsikia nani?

Ndugu zetu wa polisi wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Wao hupiga shabaha kama sisi, hufyatua mabomu ya machozi, na wa usalama barabarani husimama kutwa nzima katikati ya honi.

Tunachoomba hakihitaji bajeti mpya. Kizibo cha sponji hakigharimu zaidi ya risasi chache, na ofisa ghala akiandike katika orodha ya vifaa vya lazima pamoja na kofia ya chuma. Sajini mkuu afundishe kukivaa: husokotwa kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kikaingizwa, kikashikiliwa mpaka kitanuke. Na kila anayepelekwa Juba, au popote penye ndege na mizinga, apimwe usikivu kabla ya kupanda ndege na mara arudipo, cheti kikawekwa katika jalada lake. Anayerudi na mlio bila cheti cha kwanza atashindwa kuthibitisha kwamba aliondoka na masikio mazima.