Filimbi ya kompyuta: kwaya zisihesabu giga, zisikilize pumzi

Kwaya inakusanya michango miezi mingi, franka kwa franka, ili irekodi nyimbo zake. Inapofika studio, iwe Goma ao Bukavu, fundi wa sauti anafungua mashini yake na kuonyesha okestra nzima: filimbi, oboe, klarineti na basoni, zote ndani ya diski moja. Wanakwaya wanafurahi. Lakini siku wimbo unapopita kwenye radio, ile filimbi inalia kama honi ya pikipiki, na pesa zimekwisha kutoka.

Mara nyingi kosa haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye uchaguzi wa benki ya sauti.

Sauti hizo zilirekodiwa kwa wapigaji wa kweli, noti moja moja. Piano ikishapigwa, noti inafifia yenyewe. Mpuliza filimbi, yeye, anaendelea kuifanyia noti kazi ingali inalia: anaongeza pumzi, anatetemesha sauti, anaunganisha noti mbili bila kukata. Benki ya sauti ambayo haikurekodi mambo hayo haitayatoa, hata ikiwa na giga 100.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, inafaa kiongozi wa kwaya aombe majaribio matatu. Kwanza, noti mbili zinazoshikana: je, zinapita kama mtu anayeimba, ao zinaruka? Pili, noti moja irudiwe haraka mara nane: ikitoka sawasawa kila mara, itasikika kama cherehani. Tatu, ipigwe polepole kisha kwa nguvu: rangi ya sauti inapaswa kugeuka, si kelele tu kupanda.

Wamoja watasema kwamba studio bila benki kubwa haipati wateja. Ndiyo maana wengine wananakili zile za wizi kutoka diski hadi diski, pamoja na virusi vyake. Lakini ukubwa hausaidii mashini yenye memori ndogo. BBC Symphony Orchestra ya Spitfire Audio, iliyorekodiwa Maida Vale, London, katika toleo lake kubwa inachukua karibu giga 600. Toleo dogo, Discover, linachukua karibu mega 200 tu. VSCO 2 Community Edition inatolewa bure, na sheria yake inaruhusu kila mtu kuitumia. Hizo ndogo haziwezi yote, lakini kwa sauti za nyuma ya waimbaji zinatosha, na hakuna aliyeibiwa.

Hata benki nzuri inaharibika mikononi mwa asiyejua chombo. Filimbi ya kawaida haishuki mbali chini ya do ya katikati ya piano, na hakuna mpulizaji anayekaa dakika nzima bila kuvuta pumzi. Anayeandika muziki aache nafasi ya pumzi hiyo.

Tena kuna jambo la haki. Mjini Kinshasa, Okestra ya Kimbanguiste ilianza mwaka 1994 na Armand Diangienda, watu wakijifunza na kugawana vyombo vichache. Vijana wa namna hiyo wako hata Kivu. Pesa ambayo kwaya ingelipa kwa jina kubwa la programu, imlipe kijana mmoja apulize ile sehemu ya filimbi inayosikika mbele. Kompyuta ibebe zilizobaki.