Fidia ya Motokaa Iliyoibwa

Katika barua zinazoletwa kwetu na wanachama liko shauri moja lirudilo mara kwa mara, nalo lastahili kunenwa wazi katika ukurasa huu. Ni shauri la mtumishi ambaye motokaa yake imeibwa. Alikuwa ameikatia bima, ameilipa ada yote, tena amepeleka dai lake kwa kampuni kama ipasavyo. Kisha akaambiwa angoje. Amengoja mwezi, amengoja miezi, na kila aendapo kuuliza hupewa jibu lile lile la kwamba shauri lake linashughulikiwa.

Yafaa kwanza tuutambue uzito wa jambo hili. Walio wengi katika sisi hununua motokaa kwa mkopo, na mkopo hukatwa katika mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Motokaa ikiibwa, makato hayakomi. Mwisho wa mwezi benki huchukua haki yake kama kwamba chombo kingali kimesimama uani. Basi mtumishi huyu hulipia kitu asichokuwa nacho, na papo hapo hulipa nauli ya kwendea kazini, na ada ya shule ya watoto haimngoji. Kwa hiyo kukawia kwa fidia ni hasara juu ya hasara, na wako waliolazimika kukopa mara ya pili ili kulipia mkopo wa kwanza.

Hata hivyo haitupasi kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Fedha ya bima ni akiba ya watu wengi waliochanga kidogo kidogo ili apatwaye na msiba asimamishwe. Wako watu wasio waaminifu wanaoficha motokaa zao, au kuziuza vipuri, kisha wakadai kuwa zimeibwa. Kampuni ikilipa dai la uongo, walipao ni sisi sote, kwa ada kupanda mwaka ufuatao. Kwa sababu hiyo kampuni ina haki kutaka taarifa ya polisi, kadi ya motokaa, funguo zote, na maelezo ya mwenye mali kwa maandishi. Tena ina haki kutuma mtu wake kuchunguza. Mwanachama asiudhike akiulizwa maswali hayo.

Lakini kuchunguza ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo jingine. Kampuni inayochunguza kwa haki yaweza kusema inatafuta nini, imemwandikia nani, na inatazamia jibu lini. Kampuni isemayo "ngoja" tu, bila sababu na bila tarehe, haijajibu neno. Hapo ndipo mwanachama apaswapo kujua sheria inamwekea njia gani.

Zamani njia hiyo ilikuwa nyembamba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kazi ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na mwenye dai alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua kazi hii kwa kampuni za watu binafsi. Kisha Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ndiyo inayozitazama kampuni zote. Tena iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mtu mwenye dai asilazimike kukimbilia mahakamani kwa kila jambo.

Mamlaka huzitaka kampuni zilipe madai ndani ya siku 45 tangu karatasi zote kukamilika. Jirani zetu wa Kenya nao wana muda wao. Sheria yao ya bima yataja siku 90 tangu dai kutolewa taarifa. Twaomba kila msomaji ayasome tena maneno haya: tangu karatasi zote kukamilika. Siku hizo 45 hazihesabiwi tangu usiku motokaa ilipoibwa, wala tangu siku mtu alipopiga simu. Zahesabiwa tangu karatasi ya mwisho ilipopokewa. Basi asiyeweza kuonyesha ni siku gani alikamilisha karatasi zake, hana pa kuanzia hesabu. Aweza kungoja mwaka mzima, na kampuni ikamwambia kwa upole kabisa kwamba muda wake haujaanza.

Hapa ndipo madai mengi yanapokwama. Leo mtu huambiwa alete nakala ya kadi. Akiileta huambiwa barua ya benki. Akiileta hiyo huambiwa taarifa ya polisi iliyo mpya zaidi. Kila mara hurudi nyumbani akidhani amemaliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo latuhusu sisi makarani kuliko watu wengine. Hakuna mmoja wetu ambaye angepokea barua afisini bila kuipiga muhuri wa tarehe na kuiandika katika daftari. Mbona tunapofuatilia mali yetu wenyewe twaridhika na maneno ya mdomo?

Kwa hiyo twashauri utaratibu huu. Motokaa ikiibwa, mwenye nayo aende polisi siku ile ile, apate namba ya RB, na siku hiyo hiyo aiarifu kampuni kwa maandishi. Maana mikataba ya bima huweka muda wa kutoa habari, na kuchelewa ni kuipa kampuni sababu. Pili, aiandikie kampuni na kuomba orodha moja ya karatasi zote zinazotakiwa, ili asiitwe kwa karatasi moja moja. Tatu, apeleke karatasi hizo kwa pamoja, na barua yenye kuzitaja moja baada ya moja, naye abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, yenye tarehe na jina la aliyepokea. Nne, kila mazungumzo ya simu yafuatiwe na barua fupi: siku fulani nilizungumza na bwana au bibi fulani, akaniambia hivi na hivi. Barua ya mistari minne hudumu, na maneno ya simu husahauliwa.

Mwenye mkopo aiarifu benki pia bila kukawia. Aelewe kwamba motokaa iliyowekwa rehani ikilipwa, benki ndiyo hupewa kwanza deni lake, na yeye hupata kilichosalia. Jambo hili huwastusha wengi, lakini lina faida iliyofichika: benki nayo yataka dai lilipwe. Mwanachama aiombe iiandikie kampuni barua ya kuulizia. Kadhalika aulize kama makato yaweza kupunguzwa au kusogezwa mbele mpaka shauri liishe. Huenda akakataliwa, lakini asiyeuliza hapewi.

Kuhusu kiasi cha fidia, mara nyingi kampuni hulipa kwa bei ya motokaa sokoni siku ilipoibwa, si kwa bei iliyonunuliwa. Tena mkataba waweza kuwa na sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Mambo haya yasomwe katika mkataba kabla ya kubishana. Na siku malipo yatakapotolewa, mwanachama ataletewa hati ya kutia sahihi, ya kukiri kwamba amekubali kiasi hicho kuwa ni cha mwisho. Asiitie sahihi kwa furaha ya kuona fedha. Akiisha kutia sahihi, itakuwa vigumu sana kurudi kudai kilichopungua.

Siku 45 zikipita bila malipo wala sababu, hatua ya kwanza ni barua kwa mkuu wa kampuni, yenye tarehe zote. Asipojibu, shauri lipelekwe kwa Mamlaka au kwa Msuluhishi, pamoja na nakala zilizopigwa muhuri. Mahakama ibaki kuwa njia ya mwisho. Katika hatua zote hizo matusi hayasaidii. Barua ya adabu yenye tarehe sita ina nguvu kuliko kelele za siku sita mlangoni.

Wale ambao hawajapatwa na msiba huu nao wana la kufanya. Bima ndogo hulipa hasara aliyopata mtu mwingine kwa motokaa yako. Haikulipi wewe ukiibiwa. Atakaye kinga ya wizi sharti akate bima kubwa, au nyingine inayotaja wizi. Ahakiki stika yake katika mfumo wa Mamlaka, kwa kuwa wako matapeli wauzao bima zisizoandikwa popote. Na katika fomu ajaze kweli tupu. Aliyeandika kwamba motokaa ni ya matumizi ya nyumbani, kumbe jioni hubeba abiria kwa nauli, amejiharibia dai lake kwa mkono wake kabla mwizi hajafika.

Lipo neno la mwisho, na hili twawaambia wale katika sisi wakaao nyuma ya meza. Karatasi zinazotakiwa na kampuni hazitoki mbinguni. Taarifa ya upelelezi huandikwa na mtumishi. Uthibitisho wa kadi ya motokaa hutolewa na mtumishi. Karatasi moja ikilala juu ya meza wiki tatu ikingoja sahihi, hesabu ya siku 45 haianzi kwa wiki hizo tatu, na mtu asiyejulikana kwetu hukatwa mshahara wake mwezi mwingine. Hatuwezi kuzilaumu kampuni kwa kunyamaza ikiwa mwananchi akija mbele yetu twamwambia neno lile lile la "njoo kesho". Tukitaka kutendewa haki kwa tarehe, na sisi tutende kazi kwa tarehe.

Chama hakina hazina ya kulipa fidia, wala hakina amri juu ya kampuni yoyote. Lakini kina watu wajuao kuandika barua na kutunza jalada. Mwanachama yeyote mwenye dai lililokawia alete nakala zake kwa Katibu, si asili zake, naye atasaidiwa kuzipanga kwa tarehe na kuandika barua ipasayo. Asiyekuwa na nakala aanze leo kuzitafuta.