Pampu Inayotoa Moshi Mweusi

Leo tuzungumze juu ya pampu ya petroli, ile ya kumwagilia mboga.

Juzi nilifika kwenye bustani ya nyanya karibu na mto. Kabla sijaiona pampu niliuona moshi wake. Ulikuwa mweusi tititi. Petroli ya kutwa sasa ilikuwa inakwisha saa nane mchana. Wenye bustani walikuwa wamekwisha patana kununua kabureta mpya kwa fedha za mbolea. “Bwana Shamba, mashine yetu imezeeka,” mzee mmoja aliniambia.

Haikuzeeka. Ilikosa hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, petroli haiungui yote. Hutoka kama masizi, na nyingine huteremka ndani ya oili. Nusa kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, badilisha oili, maana haiwezi tena kulinda injini. Usiimwage mtoni.

Tulizima injini, ikapoa. Tukafungua plagi. Ilikuwa nyeusi na kavu, imejaa masizi. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia. (Moshi wa buluu ni shauri jingine: hapo injini inaunguza oili.)

Tazama choki kwanza. Choki huziba njia ya hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Injini ikipata moto, lazima uifungue. Wengi husahau. Choki ya wenzetu hawa ilikuwa wazi.

Kisha tukafungua chujio la hewa. Sponji yake ilikuwa tope tupu! Tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si kwa petroli. Tukaisuuza na kuianika kivulini. Ilipokauka tuliipaka oili safi ya injini kidogo, tukaikamua mpaka isidondoke. Kama chujio lako ni la karatasi, usilioshe. Likichafuka sana, nunua jingine. Wala usiendeshe pampu bila chujio, maana vumbi litaila injini kwa ndani.

Plagi tuliisugua kwa brashi. Saa kumi tukawasha. Moshi mweusi haukutoka tena. Kama ungeendelea, tungemwita fundi atazame sindano ya kabureta, kwa kuwa takataka ikinasa hapo petroli hufurika.

Mzee aliuliza sponji itazamwe kila baada ya muda gani. Nilimjibu: kila siku, kabla ya kuwasha.