Kuacha Mshahara na Kushika Tenda

Ndugu msomaji, kama wewe ni fundi wa kulehemu au wa mitambo huko Geita, Kahama au Shinyanga, huenda siku moja ukaambiwa: "Acha ajira, tutakupa tenda, na malipo yatazidi." Maneno hayo ni matamu. Lakini kabla ya kutia sahihi, keti na mwenzako wa nyumbani, mshike kalamu, mpige hesabu.

Tuseme mshahara ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, nayo tenda ni 1,300,000. Mwajiriwa hupata 12,000,000 kwa mwaka. Tajiri wake humtilia NSSF asilimia 10, yaani 1,200,000. Jumla 13,200,000, na likizo ya siku 28 imo humo humo. Mwenye tenda akipumzika mwezi mmoja halipwi. Miezi 11 humpa 14,300,000. Kazi ikisimama mwezi mwingine, zabaki 13,000,000. Faida imekwisha, wala hajanunua bado viatu vya kazi, vifaa na bima ya afya. Tena hukatwa kodi ya zuio asilimia 5, nayo si mwisho: hesabu kamili hufanywa na TRA.

Yako pia mambo ya ugonjwa na ajali. Katika kila miezi 36, sheria humpa mwajiriwa mgonjwa siku 63 za mshahara kamili na 63 za nusu. Akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwenye tenda hujitazama mwenyewe. Penye mashimo na mashine kubwa, jambo hili si dogo.

Je, tenda ni mbaya? La. Ajira nayo ina mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza 2009, ukakoma kutoa dhahabu 2021. Fundi mwenye vifaa vyake na wateja watatu huhamia penye kazi. Tena kanuni za 2018 zataka kampuni za madini ziwape Watanzania nafasi ya kwanza katika huduma.

Lakini jihadhari na tenda ya jina tu. Ukibaki chini ya msimamizi yule yule, kwa saa zile zile na vifaa vya kampuni, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hukudhania kuwa mwajiriwa, hata karatasi ikisema vingine. Ukiachishwa, nenda upesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Shauri la kuachishwa isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30.

Basi, ukiamua kwenda, fanya hivi. Hesabu miezi 10 ya kazi, si 12: katika mfano wetu, 1,320,000 kwa mwezi ni kulingana tu, ongeza juu yake vifaa na bima. Jiandikishe NSSF, maana hupokea pia waliojiajiri. Weka kando chakula cha miezi mitatu. Na kila shilingi iandike, kwani mali bila daftari huisha bila habari.