Acheni kumalizia bumu kwenye antena

Nimekuwa kimya kidogo, mitihani imetubana. Leo nina hasira, mnivumilie.

Hapa hosteli, Tabora, kuna ugonjwa. Mtu akishika bumu tu, mbio dukani kununua antena iliyoandikwa "inashika masafa yote". Anaichomeka kwenye skana, anaiweka kitandani pembeni ya chaja ya simu, halafu eti hewani hakuna kitu. Jamani! Vitu vipo. Antena yako inasikiliza chaja!

Hiyo "masafa yote" ndiyo inayoniudhi. Antena inayoshika yote inashika na redio za FM za mjini, zinaizidi nguvu skana mpaka inakuwa kiziwi. Chukua 75, gawanya kwa megahezi unazotaka, unapata robo ya wimbi kwa mita. Basi! Kituo cha Anga cha Kimataifa hutuma sauti kwenye 145.8, kwa hiyo ni sentimita 51. Nyaya mbili za urefu huo, moja kwenye kiini cha kebo, nyingine kwenye wavu wake, zitanue kama V, zilaze nje pasipo na bati juu. Kinapita kilomita kama 400 juu yetu. Si kila kikipita kinaongea, lakini kikiongea unakisikia bila kuuza shati.

Masafa mafupi ndiyo usiniambie kabisa. Hapo mita 15 za waya wa kawaida, mbali na nyumba, zinaishinda ile fimbo ya dukani. Na miti tunayo! Miembe ya njia ya misafara, kule Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, inangoja nini? (Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika huku Juni. Sisi sauti ya dunia inafika sekunde hiyohiyo, bado tunalalamika.)

Najua mtasema ya dukani ni imara, haikatwi na mbuzi. Sawa. Ila sisi ni walimu watarajiwa. Kesho unapangiwa shule isiyo na maabara, unafundisha mawimbi kwa chaki tupu. Ukiwaambia wanafunzi antena ni laki moja, somo limekufa. Ukiwaletea waya na rula, wanapima wenyewe.

Mvua zikianza, chomoeni waya mapema, radi za huku hazina utani.

Nani ana kebo ya TV isiyotumika? Mita tano tu. Nipo bweni la nyuma.