Leseni "ya muda" si nusu leseni

Leo nataka tuliangalie neno moja linalowachanganya watengenezaji wengi wa programu: "ya muda". Mtu akiambiwa leseni yake ni ya muda, hudhani amepewa nusu ya haki, au kwamba siku itafika iishe yenyewe. Mara nyingi sivyo.

Chukua mwanafunzi wa udereva hapa Kenya. Ana leseni ya muda na herufi L kwenye gari. Akiwa barabarani na mwalimu wake kando, yuko pale kihalali. Haki anayo, ila ina masharti na inangoja mtihani.

Sasa tuje kwenye programu huria. GPL toleo la 2, la mwaka 1991, ni kali. Ukisambaza programu bila kufuata masharti, kwa mfano ukakataa kutoa msimbo, haki zako zinakatika papo hapo. Leseni yenyewe haisemi utazirudishaje. Ukijirekebisha kesho, mwenye hakimiliki bado anaweza kudai kwamba hukuwa na ruhusa tena. Na programu kama kiini cha Linux ina wenye hakimiliki wengi mno. Utambembeleza yupi?

Toleo la 3, lililotolewa tarehe 29 Juni 2007, lilijaribu kutibu hilo katika kifungu cha 8. Ukiacha kabisa kuvunja masharti, leseni yako inarudi, lakini kwa muda. Mwenye hakimiliki bado anaweza kuikatisha waziwazi. Zikipita siku 60 bila yeye kukuarifu kuhusu kosa lile, inakuwa ya kudumu.

Tuseme kampuni inauza vifaa vya mtandao vyenye programu ya GPL 3 na haitoi msimbo. Tarehe 1 Machi inajirekebisha na kuuweka wazi. Kuanzia siku hiyo inaweza kuuza kihalali. Mwenye hakimiliki akinyamaza hadi mwisho wa Aprili, mambo yamekwisha. Unaona? Leseni hii muda ukipita haifi, inakomaa!

Kuna mlango wa pili. Mwenye hakimiliki akikuarifu, na ikiwa ni mara ya kwanza kupata arifa ya kuvunja leseni hii kutoka kwake, ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu uipokee, leseni inarudi moja kwa moja kuwa ya kudumu.

Wapo wanaosema huku ni kuwabembeleza wezi. Mimi sikubali. Lengo la GPL ni msimbo umfikie mtumiaji. Anayejua kwamba akitubu atasamehewa ana sababu ya kutubu; anayejua kwamba amekwisha atazidi kuficha. Isitoshe, mlango wa siku 30 haumfungukii mtu huyohuyo mara ya pili. Hata waliobaki na toleo la 2 waliiona faida yake. Oktoba 2017 watengenezaji wengi wa kiini cha Linux walitoa tamko la kukubali utaratibu huo kwa hakimiliki zao, na Novemba mwaka huohuo Red Hat, Facebook, Google na IBM zikaahidi vivyo hivyo.

Lakini angalieni: ahadi hizo zinawafunga waliozitoa tu. Ukiuza kisanduku chenye Linux jijini Nairobi, usijifariji kwa siku 60 kabla hujajua ni toleo gani na hakimiliki ni za nani.

Nasi tunaoandika mikataba na wateja tuna la kujifunza. Tunaandika "mteja atatumia mfumo kwa muda" na kuishia hapo. Kwa muda hadi lini? Nani anaweza kuukatisha, na kwa njia gani? Kukiwa kimya, mteja amebaki na haki au ameipoteza? GPL 3 inajibu maswali hayo yote katika aya chache, ndiyo maana unaweza kupanga biashara juu yake. Mkataba usioyajibu unampa mwenye wakili ghali nafasi ya kuyajibu kwa niaba yako.

Kabla hujatia sahihi, litafute neno "muda" kwenye karatasi yako, kisha uulize: linangoja nini?