Nzi Tunafunga Sisi, Samaki Wanavua Wao

Juzi niliweka video fupi nikivua trauti kwa mto mmoja huko Mlima Kenya. Komenti ya kwanza: "Buda, uzungu umeanza lini?" Ya pili: "Hiyo kitu inaliwa ama ni ya picha tu?" Ya tatu siiandiki hapa, mathe husoma hizi posti.

Inaliwa. Na hiyo ya uzungu ndiyo imenitoa usingizini, kwa hivyo tuiongee.

Kwa wale hamjui, trauti hawa hatuwavui kwa mnyoo huku umekaa ukingoni kama mtu anangoja matatu. Tunatumia nzi bandia. Ni ndoano ndogo, zingine ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, imefungwa uzi na manyoya mpaka inafanana na mdudu wa mtoni. Haina uzito, so huwezi kuirusha kama jiwe. Kile unarusha ni mshipi wenyewe, ndio mnene na mzito, nzi inafuata tu nyuma. Ikitua vibaya, samaki ameshahama. Ikitua polepole kama mdudu aliyechoka, samaki anapanda kuikula. Mimi miezi mitatu ya kwanza nilivua miti, nyasi na kofia yangu mwenyewe.

Sasa swali langu kwa wenye komenti: mnajua hizo nzi hufungwa na nani?

Kenya. Kwa miongo mingi nchi hii imekuwa ikifunga nzi kwa mkono na kuziuza nje, Uingereza, Marekani na kwingine. Pale New York msimu wa kuvua trauti wa kubeba nyumbani hufunguliwa tarehe 1 Aprili. Baridi inaisha, theluji inayeyuka, wazee wanatoa fimbo stoo na kufungua visanduku vyao vya nzi wakiwa na furaha kama watoto wa Krismasi. Ndani ya kisanduku kama hicho unaweza kupata kazi ya mama wa hapa ambaye hajawahi kuona theluji. Huku kwetu hiyo Aprili mvua ndefu imeshika, mito imejaa na maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuvua chochote. Msimu wao unaanza wakati wetu umefungwa na matope.

Nasema mama wa hapa kwa sababu mmoja wao ni wangu.

Mathe alifunga nzi miaka kumi na moja kwa karakana moja ambayo siitaji. Vaisi ndogo mezani, uzi, manyoya ya shingo ya jogoo, nywele za sungura, vanishi ya kumalizia kichwa. Malipo yalikuwa kwa dazeni. Mkia ukizidi urefu kidogo, rijekti. Kichwa kikikaa kinene, rijekti, na rijekti hailipwi hata kama umeitolea macho usiku mzima. Huko ng'ambo nzi moja dukani inaweza kwenda dola mbili au tatu. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikiipiga naskia hasira. Zile zilizokataliwa aliambiwa atupe. Hakutupa. Alizibeba nyumbani kidogo kidogo, akaziweka kwa mkebe wa Blue Band juu ya kabati, na sisi watoto tuliogopa huo mkebe kwa sababu ya ndoano.

Alikuwa anajua majina yote. Pheasant Tail, Hare's Ear, Adams namba kumi na nne. Hiyo Adams ni nzi ya kijivu iliyobuniwa Michigan mwaka 1922, lakini kwa miaka mathe alidhani Adams ni mteja fulani msumbufu asiyechoka kuagiza. Miaka kumi na moja, na hakuwahi kuona trauti hata mmoja, hata kwa sahani.

Halafu mtu anayevaa jezi ya Arsenal, anayelia machozi kwa sababu ya timu ya London, ananiambia mimi ndiye niko na uzungu. Mimi, niliyesimama kwa mto ulio masaa matatu tu kwa matatu kutoka kejani, nikitumia nzi ya mamangu.

Najua kuna msee wa historia anajiandaa. Ngoja nikusaidie. Ni kweli, trauti si samaki wa hapa. Mayai yaliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905 na Ewart Grogan, yakaingizwa mto Gura kule Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa kwao. Huyo Grogan ndiye yule aliyetembea kutoka Cape mpaka Cairo. Ndiye pia, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Leo jina lake limebaki pale Grogan unapoenda kutafuta saidi mira yako iliyopotea usiku. Sina heshima ya kumpa. Lakini mahindi pia yaliletwa. Chai ililetwa. Hakuna mtu hukataa ugali akisema ni ya mgeni. Kama hoja yako ni kwamba samaki huyu anakula wadudu na vyura wa mito yetu, hiyo ni hoja nzito, lete tuijadili na nitakuskiza. Lakini "ni mambo ya wazungu" si hoja. Ni uvivu, na unawafaa sana wale wangependa tusifike huko.

Maana wapo. Kuna mahali nilifika na kibali changu mkononi, nimelipa kila kitu. Mlinzi, kijana wa rika langu kabisa, akaangalia fimbo, akaniangalia, akauliza, "Boss yuko wapi?" Alidhani nimembebea mtu. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia nyinyi wa komenti, kwa sababu mnasema kitu kile kile, tofauti ni mlinzi analipwa kukisema.

Na kuna hii ingine. Trauti anataka maji baridi, safi, yenye hewa. Mto ukichafuka au ukipata joto juu msitu umekatwa, yeye ndiye wa kwanza kupotea. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inajazwa na mito inayoshuka Aberdare, milima ile ile alikomwagwa samaki wa Grogan. So mtu anayesimama huko juu kila mwezi akiangalia kama samaki bado wapo, anaangalia pia mfereji wako wa South B. Kwa sasa hao watu ni wachache na wengi ni wazee. Wakiisha, nani ataona kwanza? Wewe utajua siku mtungi wa maji umefika shilingi mia.

Fimbo ni ghali, hapo mmenishika. Yangu ni ya mitumba na imeungwa na gundi. Niko tayari kuazimana.

Februari nilimpeleka mathe. Alikataa mara mbili, akasema magoti, akasema nauli, mwishowe akaja na leso na chupa ya chai. Nilimwambia achague nzi kwa mkebe. Alichukua Adams moja, akaigeuza kwa mwanga, akasema, "Hii ilirudishwa. Mkia mrefu." Nikaifunga hivyo hivyo. Mrusho wa kwanza ulishika kichaka. Wa pili ukatua chini ya jiwe kubwa, maji yakafanya duara kidogo, na mshipi ukakaza.

Hakuwa mkubwa, urefu wa kiganja na vidole vyake. Nilimlowesha mathe mikono nikamwekea samaki hapo, ana madoadoa meusi na mstari wa waridi ubavuni, nzi bado iko mdomoni. Aliangalia nzi, si samaki. Akakaa kimya muda, akaniuliza, "Kwa hivyo huyu hakuona mkia ni mrefu?"

Nikasema hakuona.

"Na hawakunilipa."

Tukamrudisha majini. Mathe akaomba fimbo.

Mkebe bado una nzi karibu mia mbili, zote rijekti. Tunarudi kabla mvua ndefu ianze, nauli kila mtu ajilipie, chai ni ya mathe. Wenye komenti mnakaribishwa kwanza.